Bi Tsuneko Aliyezungusha Nyaya za Deki

Wasikilizaji wapendwa, saa nne asubuhi imetimia hapa Nukazawa, na mimi ni Kiyomi Oba wa redio yenu ya mji. Leo hamtasikia muziki mwanzoni. Mdogo wa marehemu ameniomba nisiweke, nami nimemkubalia.

Leo tunamkumbuka Bi Tsuneko Kuramochi. Amefariki tarehe kumi na tisa mwezi huu wa Januari, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Vijana mlimfahamu kama yule mama mwembamba aliyeosha vyombo kwenye nyumba ya wageni ya chemchemi ya maji moto, aliyekuwa akisogeza sahani karibu na jicho la kulia ili aone kama imetakata. Wenye umri wangu kwenda juu mnamfahamu kwa jambo jingine. Mnamkumbuka kwa alichosema katika ukumbi wa kiwanda, Machi mwaka 1994. Najua wako wanaonisikiliza sasa hivi ambao hawajamsamehe. Nawaomba msizime redio. Nisikilizeni mpaka mwisho, kisha muamue wenyewe.

Tsuneko alizaliwa mwaka 1950, huko juu kwa wachoma makaa. Mama yao alifariki Tsuneko akiwa na miaka kumi, na mdogo wake Masue akiwa na miaka sita. Baba alikuwa akikaa msituni wiki mbili, wiki tatu, ndipo ashuke na magunia. Basi Tsuneko ndiye aliyepika. Tsuneko ndiye aliyefua. Tsuneko ndiye aliyemlea Masue.

Wiki iliyopita nilikwenda nyumbani kwa Bi Masue. Tulikaa jikoni, kwenye jiko la mafuta ya taa, na akanieleza mambo haya kwa sauti ile ile ya mtu anayeeleza njia ya kwenda posta. Alisema, "Alikuwa ananichana nywele kabla ya shule. Anavuta mpaka machozi yananitoka. Nikilia ananiambia, kichwa ni chako lakini mikono ni yangu, vumilia."

Mwaka 1968 Tsuneko aliajiriwa kiwandani Tachikura Denki. Alikuwa na miaka kumi na minane. Wakati ule Tachikura walikuwa wakitengeneza redio. Miaka minne baadaye akamwingiza na Masue. Meneja aliuliza kama huyo mdogo ana mikono mizuri. Tsuneko alijibu kwamba mikono hiyo ameifundisha yeye, na meneja hakuuliza tena.

Kisha ikaja video.

Mwaka 1975 kampuni iliwachagua wanawake tisa wajifunze kazi mpya. Tsuneko alikuwa wa kwanza kwenye orodha. Nieleze kidogo kwa ambao hamkuwahi kuwa na deki nyumbani. Ndani ya deki kuna ngoma ndogo inayozunguka kwa kasi. Kwenye ngoma hiyo kuna vichwa viwili, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele. Hivyo ndivyo vinavyosoma picha kwenye kanda. Na kila kichwa huzungushiwa waya mwembamba kuliko unywele. Mizunguko kumi na minane. Si kumi na saba, si kumi na tisa. Kumi na minane, chini ya hadubini, kutwa nzima.

Mama yangu alifanya kazi kwenye laini ya tatu ya uzalishaji, jirani na laini ya pili ya Tsuneko. Anasema wanawake wa laini ya pili walikuwa wanashusha pumzi kwa zamu, maana pumzi ikikupotea, waya nao unapotea. Walikuwa wakitaniana. "Tsuneko akipiga chafya," walikuwa wakisema, "Japani nzima inakosa picha leo."

Deki yetu iliitwa Mikage. Mtakumbuka bango lililokuwa pale stesheni. Kanda yake ilikuwa ndogo, inaingia kwenye mfuko wa koti. Picha yake ilikuwa safi kuliko zote. Nasema hivi si kwa sababu ni yetu. Mafundi wa kampuni nyingine walikuja hapa Nukazawa, wakaitazama mara mbili. Kiwanda kikafikia wafanyakazi mia sita na arobaini. Masue akaolewa na Kozo Hemmi wa idara ya kufungasha, kijana mcheshi mwenye mabega mapana, na wakajenga nyumba kule ng'ambo ya mto, nyumba yenye paa kubwa.

Lakini Mikage ilikuwa na ugonjwa mmoja. Kanda yake ilirekodi saa moja tu. Saa moja. Za wenzetu zilirekodi saa mbili, kisha nne, kisha sita. Filamu haikuenea kwenye kanda yetu. Mchezo wa besiboli haukuenea. Kozo ndiye aliyekuwa na utani ule uliozunguka mji mzima. "Mikage inakuonyesha besiboli vizuri sana," alikuwa akisema, "mpaka pale mchezo unapoanza kunoga."

Watu walicheka. Halafu maduka ya kukodisha kanda yakaanza kufunguliwa kila mji, na rafu zikajaa kanda za VHS, mfumo wa wenzetu. Kanda za Mikage zikawekwa chini, karibu na mlango, kisha hazikuwekwa kabisa. Mtu hanunui deki ambayo hapati kanda ya kuweka ndani. Mwaka 1984 Tachikura walikubali kushindwa. Deki elfu tatu za Mikage zilizobaki ghalani zilipelekwa uani, zikapondwa kwa mtambo, siku mbili mfululizo. Wanawake wa laini waliambiwa wafunge madirisha na waendelee na kazi. Waliendelea. Jumatatu iliyofuata walianza kutengeneza vichwa vya deki za VHS, za mfumo uliowashinda. Meneja wa kiwanda, Bwana Ebihara, aliwaambia wasihuzunike, kwamba waya ni ule ule. Tsuneko alikijifunza kichwa kipya kwa siku tisa, kisha akawafundisha wenzake wote.

Hivyo ndivyo mji huu ulivyopumua miaka mingine minane. Lakini yen ilikuwa imepanda na bidhaa zetu zikawa ghali nje, deki zinashuka bei kila mwaka, na sisi tulikuwa tunatengeneza kitu ambacho kila mtu duniani alikuwa anaweza kukitengeneza. Mwaka 1992 kiwanda kilikuwa kimebaki na watu mia mbili na kumi na wawili.

Novemba mwaka huo Bwana Ebihara alimwita Tsuneko ofisini. Alimwambia aende Malaysia miezi sita, akafundishe wasichana wa kiwanda kipya. Kiwanda cha pili, alisema. Cha kusaidiana na hiki.

Haya ninayoyasema sasa Tsuneko mwenyewe alimsimulia mama yangu, miaka mingi baadaye, walipokuwa wakiosha vyombo pamoja pale kwenye maji moto.

Alisema alifika kule, joto likamchosha, lakini wasichana aliwapenda. Walikuwa na macho makali na vidole vyepesi. Mmoja aliitwa Rohani, na ndani ya mwezi mmoja tu alikuwa anamkaribia mwalimu wake. Kisha, mwezi wa pili, makasha yakafika kutoka Japani. Makasha ya mbao, yamefungwa vizuri sana. Tsuneko alisimama pale yakifunguliwa. Ndani ya kasha la tatu ilikuwamo mashine namba tisa ya laini ya pili.

Mashine namba tisa ilikuwa ya Masue.

Hakukisia. Kwenye mpini kulikuwa na kipande cha karatasi, kimebandikwa, kwa mwandiko wa Masue: "Usivute kwa nguvu, unakwenda kushoto." Huku nyumbani Masue alikuwa ameambiwa mashine yake imepelekwa matengenezo, akapewa nyingine. Na aliyeipigilia misumari kwenye kasha lile alikuwa Kozo, mume wake, wa idara ya kufungasha. Naye aliambiwa ni matengenezo.

Rohani alikuwa amesimama kando. Alimuuliza mwalimu wake, kwa Kijapani kidogo alichokuwa amejifunza, "Mwalimu, mashine zikiwa hapa, dada wa kule watatumia nini?"

Tsuneko alikwenda kwenye simu ya ofisi, akampigia Bwana Ebihara. Ebihara hakukana. Alimwambia kiwanda cha Nukazawa kitafungwa baada ya mwaka mmoja hivi. Akamwambia pia kwamba kampuni itabakiza watu thelathini, kwenye karakana ndogo ya vipuri, na kwamba orodha ataiandika yeye. Masue atakuwamo. Lakini neno likivuja kabla ya wakati, watu wakaanza kuondoka na kazi ikaharibika, makao makuu yatafunga kila kitu na hao thelathini hawatakuwepo.

Tsuneko aliahidi kunyamaza. Wasikilizaji wapendwa, naomba mlishike hilo. Aliahidi kunyamaza ili mdogo wake abaki kwenye orodha.

Wiki mbili baadaye, Jumapili mchana, Masue alimpigia simu bwenini kule Malaysia. Bi Masue ananiambia alikwenda kwenye kibanda cha simu cha posta, na kadi tatu za simu mkononi, kwa sababu alitaka waongee vizuri. Jiko la chakula cha shule lilikuwa limempa kazi. Kazi ya kudumu, ya serikali ya mji. Alitakiwa kujibu kufikia Ijumaa. Masue hakutaka kuacha laini. Lakini watu walikuwa wananong'ona.

"Nilimuuliza tu," Bi Masue alisema. "Nikamwambia, dada, wewe uko karibu na wakubwa, unasikia mambo. Nikae au niondoke? Nilidhani simu imekatika. Halafu akasema, kaa."

Kaa. Neno hilo moja tu. Masue alikaa. Kazi ya jiko la shule alipewa mwingine, ambaye alistaafu nayo miaka minane iliyopita.

Tsuneko alirudi Mei mwaka 1993. Alikaa miezi kumi hapa Nukazawa akijua. Miezi kumi. Kila Jumapili alikula kwa Masue na Kozo. Vuli ile laini ya pili walikwenda mtoni kama kila mwaka kupika supu ya magimbi, na mama yangu anakumbuka Masue akimjazia dada yake bakuli, akimsema kwamba Malaysia imemkondesha, ale basi. Tsuneko alilishika bakuli mpaka supu ikapoa. Mama yangu alidhani ni tumbo.

Tukafika Machi mwaka 1994. Watu wote mia mbili na kumi na wawili waliitwa ukumbini. Bwana Ebihara alisoma karatasi. Kiwanda kitafungwa mwisho wa Juni. Kisha akasoma kuhusu karakana ya vipuri. Makao makuu yalikuwa yamefikiria upya. Karakana haitakuwepo. Hakukuwa na watu thelathini. Hakukuwa na hata mmoja.

Mama yangu alikuwa safu ya nne. Anasema hakuna aliyelia mwanzoni. Watu walikuwa wanatazama viatu. Ndipo Tsuneko akasimama. Hakuna aliyemwita asimame. Angeweza kukaa kimya, na mpaka leo pengine tusingejua.

Alisema, "Mimi nilijua. Nilijua tangu mwaka juzi. Niliziona mashine zenu kule. Nilinyamaza kwa sababu niliahidiwa watu thelathini. Nilikosa."

Kisha akainama mbele ya ukumbi mzima, kichwa chini, na akabaki hivyo.

Kuna mwanaume nyuma alimwita mbwa wa meneja. Kuna mwanamke wa laini yake mwenyewe aliyemrushia kofia ya kazi. Ikampiga begani. Hakuinuka. Bwana Ebihara alikunja karatasi yake akatoka kwa mlango wa pembeni. Watu walipita kando ya Tsuneko kwenda nje, na mama yangu anakiri kwamba yeye pia alipita bila neno.

Na Masue? Masue alikuwa amekaa kiti cha pembeni, karibu na dirisha. Nilimuuliza alihisi nini.

"Watu wanadhani nilikasirika kwa sababu ya kazi," alisema. "Kazi inapotea, ni dunia. Mimi nilikasirika kwa sababu nilisikia pamoja na watu mia mbili. Miezi kumi alikuwa anakula kwangu. Angeniambia mimi kwanza. Hata usiku wa kuamkia siku ile, angeniambia. Akaniweka safu moja na watu wote."

Hawakuzungumza tena.

Kampuni ilimtaka Tsuneko arudi Malaysia kama mwalimu, miaka mitatu. Alikataa. Akaenda kuosha vyombo. Kozo alitafuta kazi hapa na Yamagata mjini, hakupata, na baada ya tetemeko la Kobe mwaka 1995 alikwenda huko kujenga, kama wanaume wengi wa huku. Novemba ya mwaka ule ule alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, ghorofa ya sita. Alikuwa na miaka arobaini na mitano. Aliyekuwa akiwachekesha watu kwa besiboli alirudi Nukazawa kwa treni, akiwa majivu ndani ya boksi, kwenye mapaja ya mke wake.

Tsuneko alifika msibani. Alitoa bahasha ya rambirambi. Masue aliipokea kwa mikono miwili, kisha kwa mikono miwili hiyo hiyo akamrudishia, akainama, akageukia mgeni aliyefuata. Kwa adabu yote. Waliokuwepo wanasema ingekuwa afadhali angempiga kofi.

Desemba ikaja. Mnaijua theluji ya ng'ambo ya mto. Mnalijua na lile paa. Kozo ndiye aliyekuwa akilipanda kuondoa theluji isije ikaliangusha, na Kozo hayupo, na hawakujaliwa watoto. Asubuhi ya theluji kubwa ya kwanza Masue aliamka kwa sauti ya beleshi. Akachungulia pembeni ya pazia. Dada yake alikuwa juu ya paa, amejifunga kamba kiunoni, anasukuma theluji.

Masue hakufungua mlango. Tsuneko hakubisha. Alimaliza paa, akasafisha njia mpaka barabarani, akaenda zake kazini.

Alifanya hivyo majira ya baridi ishirini na nane. Narudia, ishirini na nane. Jicho lake la kushoto lilikuwa limekwisha kwa zile hadubini, mgongo ukaja ukapinda, lakini kila theluji ikijaa, saa kumi na mbili asubuhi alikuwa pale. Majirani walizoea. Mama yangu alimwambia mara nyingi aache, au ampeleke kijana wa kulipwa. Tsuneko alikuwa akijibu kwamba lile paa analijua yeye.

"Na wewe, Bi Masue?" nilimuuliza. "Hukuwahi kutoka?"

"Sikuwahi. Hata kikombe cha chai sikumpa. Nilikuwa nakaa hapa hapa, jikoni, nasikiliza beleshi. Mwaka wa kwanza nilisikiliza kwa chuki. Baadaye sijui nilisikiliza kwa nini. Nilikuwa siwezi kupika kabla hajamaliza."

Tarehe kumi na tisa Januari theluji ilikuwa imelowa. Ilinyesha mvua juu yake. Theluji ya namna hiyo ni nzito, na huteleza yote kwa pamoja. Tsuneko alikuwa ameshashuka kwa sababu paa lilikuwa linateleza, upande wa jikoni haujasafishwa, yuko chini ya ukingo wa paa, anasafisha mbele ya dirisha la jikoni. Masue alikuwa upande wa pili wa dirisha hilo hilo. Alisikia paa likiguna. Alisikia theluji ikiporomoka, na nyumba ikatikisika. Kisha beleshi halikusikika.

Alitoka bila viatu. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na nane alifungua mlango ule dada yake akiwa nje. Alichimba kwa beseni la kuoshea mchele, kisha kwa mikono. Alimwita. Alimwita dada, alimwita kwa jina. Jirani alipofika na beleshi zilikuwa zimepita kama dakika ishirini. Walipompata Tsuneko alikuwa amelala kwa ubavu, mkono mmoja mbele ya uso. Daktari alisema alikuwa amekwisha kukata roho.

Bi Masue aliwaomba watu wa mazishi watoke chumbani. Alimwosha dada yake mwenyewe. Alimchana nywele mwenyewe. Alipofika hapo katika kunisimulia alisimama, akaongeza mafuta kwenye jiko ambalo lilikuwa bado limejaa, akarudi kukaa.

Nilimuuliza anataka niseme nini leo redioni.

"Usiseme tulipatana," alisema. "Watu watataka kusikia hivyo. Hatukupatana. Sema alikuwa mtu wa kazi, na sema nilimsikia kila asubuhi. Basi."

Nimesema, Bi Masue. Nimesema kama ulivyotaka.

Kwako wewe, kwa niaba ya redio hii na kwa niaba ya mama yangu, ambaye siku ile ukumbini alipita bila neno, pokea pole zetu. Kwa wanawake wote wa laini ya pili mlio hai, poleni. Kwa Rohani, kama bado uko kule na una afya, mwalimu wako ametutoka. Bi Tsuneko apumzike.

Na kwetu sisi tuliobaki. Wako wengi katika mji huu ambao kile kiwanda kiliwaachia mtu wasiyemsemesha. Sitawaambia msamehe, hiyo si kazi ya mtangazaji. Nawaomba mmfikirie mtu huyo leo, kwa jina lake, na mjiulize mnangoja nini.

Wasikilizaji wapendwa, utabiri wa hali ya hewa unasema theluji itaanza alasiri, sentimita arobaini kufikia kesho asubuhi, ikichanganyika na mvua. Tafadhali msipande paani peke yenu, na msisimame chini ya ukingo. Na kama kesho asubuhi kuna mtu nje anakusafishia njia, mfungulie mlango.